Maswali ya Wasomaji: Bolti za Injini Iliyobadilishwa

SWALI: Gari langu ni la Ulaya, nimeliwekea injini ya Kijapani iliyokuja bila bolti hata moja. Bolti za zamani za milimita 10 zinaingia mizunguko miwili mitatu kisha zinagoma. Fundi anasema ni kutu tu, anataka kuongeza bomba kwenye mpini wa spana. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu. Tundu likiwa safi na bolti ikagoma mapema hivyo, tatizo ni nyuzi kutolingana. Unene ni ule ule wa milimita 10, ila hatua ya nyuzi, yaani umbali kutoka ncha ya uzi mmoja hadi ncha ya unaofuata, ni tofauti. Magari mengi ya Ulaya hutumia M10 (yaani bolti ya unene wa milimita 10) yenye hatua ya milimita 1.5, ya Japani mengi hutumia 1.25. Kwenye M12 tofauti inazidi: Japani 1.25, Ulaya 1.5 au 1.75. Ukilazimisha bolti ya chuma kwenye bloku ya alumini, bolti itatoka salama na tundu litabaki limechunwa.

Kama huna geji ya nyuzi, chukua kalipa (kifaa cha kupimia unene na kina), upime nafasi kumi mfululizo kutoka ncha hadi ncha. Ukipata milimita 15, hatua ni 1.5. Ukipata 12.5, ni 1.25. Ukubwa wa kichwa nao hudokeza jambo: M10 ya Kijapani kwa kawaida hufunguliwa kwa spana ya 14, ya Ulaya kwa 16 au 17. Lakini hicho ni kidokezo tu, kwa sababu bolti zenye kola huwa na vichwa vya saizi nyingine. Kipimo cha mwisho ni vidole: bolti sahihi huzunguka kwa mkono mpaka karibu na mwisho wa nyuzi, bila spana.

Jihadhari pia na bolti za inchi. Ile ya 3/8 ina unene wa milimita 9.5 na nyuzi 16 kwa inchi, sawa na hatua ya takriban 1.59. Ukiitia kwenye tundu la M10 × 1.5 inaingia ikichezacheza, inashika kidogo, na unadhani umepata. Siku ya kukaza ndipo inapong'oa nyuzi. Hili huwapata sana wanaotoa V8 ya zamani ya General Motors yenye bolti za inchi na kuweka injini ya LS, V8 mpya zaidi ya kampuni hiyo hiyo, ambayo bolti zake ni za milimita. Na hata hapo mauntingi, yaani vishikizi vyenye raba vinavyobeba injini, hazikai moja kwa moja: bloku ya zamani ina matundu matatu ya mauntingi kila upande, LS ina manne. Unahitaji bamba la kuunganishia.

SWALI: Nimeshajua ni M10 × 1.25. Dukani wananiuliza urefu na mimi sina sampuli. Nakisiaje?

JIBU: Usikisie, pima tundu. Urefu wa bolti ya kichwa cha pembe sita huhesabiwa kutoka chini ya kichwa hadi ncha. Kwa hiyo jumlisha unene wa breketi, unene wa washa, na urefu unaotakiwa kushika ndani ya bloku. Kwenye chuma, nyuzi zishike angalau mara moja na robo ya unene wa bolti. Kwenye alumini, mara moja na nusu hadi mbili.

Tuseme breketi ina milimita 12, washa 2, bloku ni ya alumini, na tundu lina kina cha milimita 28 lakini nyuzi zinaishia kwenye 24. Unataka milimita 20 zishike: 12 + 2 + 20 ni 34, basi chukua ya 35. Zitaingia 21 na nafasi itabaki. Sasa angalia kinachotokea ukichukua ya 40. Inataka kuingia 26, nyuzi zimeisha kwenye 24. Bolti inasimama, spana inasema imekaza, na breketi bado inacheza milimita 2. Ukiendelea kuvuta, ama unakata bolti ama unapasua bloku. Ndiyo maana kina cha tundu na kina cha nyuzi hupimwa mbalimbali: cha kwanza kwa mkia wa kalipa, cha pili kwa kuingiza bolti ndefu kwa mkono hadi isimame, kisha kupima sehemu iliyobaki nje.

Kabla ya kufunga, puliza matundu kwa hewa ukiwa umevaa miwani. Mafuta au maji yaliyotuama chini ya bolti hayana pa kukimbilia, na hayo pekee yanatosha kupasua bloku. Matundu machache hutokea kwenye njia ya maji au ya mafuta; bolti za hapo hupakwa dawa ya kuzibia, la sivyo zitavujisha.

SWALI: Chuma cha pua hakishiki kutu. Mbona hampendekezi bolti zake?

JIBU: Kwa sababu ya nguvu. Bolti ya chuma cha pua yenye alama A2-70 inahimili mkazo wa megapaskali 700 kabla ya kukatika. Ya chuma cha kawaida yenye alama 8.8 kichwani inahimili 800, yenye 10.9 inahimili 1,000. Isitoshe, chuma cha pua hupenda kung'ang'ania kwenye nyuzi, na kikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Bolti hizo kafungie kifuniko cha plastiki.

Kwenye mauntingi fuata alama iliyokuwa kwenye bolti ya kiwandani, usishuke chini yake. Kama kitabu cha gari hakipatikani, M10 ya 8.8 ikiwa kavu hukazwa takriban Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 45 hadi 50. Ikipakwa mafuta, punguza. Magari mengi ya Volkswagen na Audi yana bolti za mauntingi zinazokazwa kwa Nm kisha kuongezwa robo mzunguko. Hizo hurefuka zikikazwa na hazirudiwi, nunua mpya.

SWALI: Giaboksi imebakiza kama milimita 5 kugusana na injini. Naweza kuivuta kwa bolti zake?

JIBU: Hapana, hata kwa bolti mbili tu. Pengo hilo lina sababu. Kwenye giaboksi ya gia za mkono, mara nyingi sahani ya klachi haijakaa katikati. Kwenye otomatiki, konveta (chombo cha mviringo chenye mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) haijaingia kwenye pampu, na ukivuta unaivunja pampu. Irudishe nyuma, uzungushe konveta huku ukiisukuma hadi izame. Giaboksi ikishagusa injini pande zote, konveta bado izunguke kwa mkono na iwe na milimita chache za kusogea.

Kagua pia pini mbili za kupangia, ambazo mara nyingi hubaki kwenye injini iliyotolewa. Giaboksi hupangwa na pini hizo. Matundu ya bolti yana ulegevu. Pini zikikosekana, shafti inaingia upande, na beringi na sili ya mbele ndizo zinazoumia.

Ukihama kutoka otomatiki kwenda klachi, nunua na bolti za flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshikwa na klachi. Flaiwili ni nene kuliko bamba linalofungwa mahali pake kwenye otomatiki, kwa hiyo bolti za bamba zitakuwa fupi mno. Ukifanya kinyume, yaani kufunga bamba kwa bolti za flaiwili, hizo ndefu zitagonga mwisho kabla ya kubana.

SWALI: Mauntingi mpya, bolti sahihi, kila kitu kimekazwa, lakini gari linatetemeka likiwa silensa, yaani limesimama injini ikizunguka polepole. Kwa nini?

JIBU: Huenda ulikaza injini ikiwa bado inaning'inia kwenye winchi, na raba zimefungwa zikiwa zimejipinda. Legeza bolti ndefu zinazopita kwenye raba, na uache zile za breketi kwenye bloku zikiwa zimekazwa. Teremsha uzito wote wa injini ukae juu ya mauntingi, itikise mbele na nyuma, kisha ukaze. Bolti moja ikikataa kulenga tundu lake, usiikongoe kwa nondo. Legeza za mauntingi nyingine kwanza. Mtikisiko ukibaki, tazama kama bomba la ekzosi limegusa bodi.