Ukipandikizwa mfuko wa uzazi, mimba haiingii kwa njia ya kawaida

Dada uliyeuliza kama mdogo wako, aliyezaliwa bila mfuko wa uzazi, anaweza kuwekewa wa mtu mwingine kisha ashike mimba na mumewe kama kawaida: kuwekewa inawezekana, ila mimba haiji hivyo. Madaktari huunganisha mfuko na mishipa ya damu na uke, ila mirija inayopitisha mayai hawaiunganishi. Kwa hiyo mayai yake hutolewa mapema, yanarutubishwa maabara na kugandishwa, halafu baada ya miezi kadhaa kiinitete (yai lililorutubishwa na kuanza kukua) kinapandikizwa.

Mtoto wa kwanza alizaliwa Gothenburg, Uswidi, Septemba 2014, chini ya Profesa Mats Brännström. Mama alipandikizwa akiwa na miaka 35, na mfuko alipewa na rafiki wa familia mwenye miaka 61 aliyekwisha kukoma hedhi! Brazil, Desemba 2017, akazaliwa mtoto kutokana na mfuko wa marehemu.

Sehemu nzito ni dawa za kuzuia mwili usiukatae mfuko. Zinamezwa muda wote mfuko ukiwa ndani, na zinaweza kuumiza figo na kupunguza kinga. Ndiyo maana baada ya mtoto mmoja au wawili mfuko hutolewa. Kuzaa ni kwa upasuaji. Na aliyetoa naye anapitia upasuaji wa saa nyingi, msimsahau.

Kabla ya yote apimwe ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai. Wengi wenye hali yake wana ovari nzima, na hilo peke yake ni habari njema sana kwake.