Swali la msomaji: hawa wa bodi ya shule wakishinda, nitapata vocha ya kumpeleka mtoto praiveti?

Kaka mmoja anaishi Parker, Colorado, kusini mwa Denver, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Kura zimekuja kwa posta, mke wangu kapata maana ana uraia, mimi bado nina grini kadi sijaletewa. Kwenye karatasi ya bodi ya shule majina yamekaa tu hayana chama, lakini sanduku la barua limejaa vipeperushi, hawa wameungwa mkono na Republican, wale na chama cha walimu, na wote wanatupiana maneno ya vocha. Nauliza kitaalamu, hawa wa vocha wakishinda napata hela ya kumpeleka binti yangu shule ya kanisa? Kama uchaguzi hauna vyama mbona vyama vimejaa? Na mimi siwezi kupiga kura na wakati mtoto ni wangu na kodi nalipa?"

Jibu fupi kaka: vocha hutaipata kwa uchaguzi huu, kura wewe usipige kabisa, na hilo la vyama ndio refu. Mimi kazi yangu ni bajeti za wilaya za shule, yaani mamlaka zinazoendesha shule za umma za eneo chini ya bodi, kwa hiyo nitalishika kwa upande wa hela, siasa utaiona yenyewe inavyoingia.

Kwanza elewa nani anatoa vocha, yaani hela ya umma ya kumlipia mtoto ada ya praiveti. Kwa Marekani ya sasa vocha ni jambo la jimbo, sio la bodi. Arizona ni bunge la jimbo ndilo lilifungulia watoto wote mwaka 2022. Texas ni bunge tena, gavana Abbott akasaini Mei 2025, dola bilioni 1 za kuanzia, karibu dola 10,000 kwa mtoto. Hakuna bodi ya shule iliyoombwa ruhusa, bodi zinaletewa tu matokeo, watoto wamepungua na hela imepungua, jipangeni. Colorado yenu haina vocha ya jimbo hadi leo. Novemba 2024 walipeleka kwa wananchi pendekezo namba 80, la kuandika haki ya kuchagua shule ndani ya katiba ya jimbo, praiveti ikiwemo, lilihitaji asilimia 55 na hata 50 halikufika. Kwa hiyo mgombea wa bodi akikuahidi vocha muulize atazilipa kwa sheria ipi.

Sasa utaniuliza, kama bodi haina uwezo huo mbona wanagombana nayo? Ni kwa sababu ya kaunti yenu hiyo hiyo. Kaunti ya Douglas ni moja ya sehemu chache sana Marekani ambapo bodi ya shule yenyewe, sio bunge, ilijaribu kutoa vocha, na wenyeji wa zamani hapo hawajasahau.

Ilianza 2009. Chama cha Republican cha kaunti kikafanya kitu ambacho hakikuzoeleka, kikatangaza wazi kwamba hawa wanne ndio wagombea wetu wa bodi. Kwenye karatasi ya kura hakukuwa na neno Republican popote, lakini kila mtu alijua, na wanne wote wakapita. Machi 2011 bodi ya watu saba ikapiga kura, wote saba ndiyo, kuanzisha vocha kwa watoto 500 kama majaribio, kila mtoto hadi dola 4,575.

Hapa ndipo penye utamu kwa sisi watu wa bajeti. Colorado inalipa wilaya kwa kuhesabu vichwa, hesabu ni kila Oktoba, mtoto akihamia praiveti hahesabiki na asipohesabika jimbo halileti kitu, sasa hela ya vocha itoke wapi? Wakaunda shule ya chata, yaani shule ya umma inayojiendesha yenyewe kwa mkataba, ila hii ya kwenye makaratasi tu, haina jengo, haina madarasa, haina kengele, watoto 500 wanaandikishwa pale, wanahesabika kama wa umma, jimbo linaleta hela, wilaya inabakiza robo, ile robo tatu inakatwa cheki yenye jina la mzazi ila inatumwa moja kwa moja shule ya praiveti, mzazi anaenda kuisaini pale pale na shule inaingiza. Niseme ukweli, kama ufundi wa mahesabu nauvulia kofia, kama sera ni jambo jingine. Shule zilizokubaliwa zilikuwa 23, kati yake 16 za dini, na walioandikishwa karibu asilimia 93 walikwenda hizo za dini. Shule zilibaki na masharti yao ya kupokea watoto, hata ya imani, maana yake shule ndio iliyokuwa inamchagua mzazi na sio mzazi kuichagua shule kama matangazo yalivyosema.

Wakashtakiwa haraka. Agosti 2011 jaji wa Denver akasimamisha mpango wakati familia zimeshajipanga kabisa kwa muhula mpya. 2013 mahakama ya rufaa ya jimbo ikasema mpango uko sawa. Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado ikaukata, ikisema katiba ya jimbo inakataza hela ya umma kwenda shule za dini. Wilaya ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2017 wale majaji wakaifuta hukumu na kuirudisha Colorado wakaitazame upya, kwa sababu ya kesi nyingine ya kanisa moja Missouri lililonyimwa hela ya umma, ambalo lilikuwa limetoka kushinda siku moja kabla. Yaani upande wa vocha walikuwa wameshafunguliwa mlango, mawakili wa nchi nzima wakawa wanaisubiri Douglas kama kesi ya kuweka historia.

Halafu ukaja Novemba 2017, uchaguzi wa bodi. Wapinga vocha watatu walikuwa wameshaingia tangu 2015, bodi ikawa nne kwa tatu. 2017 viti vinne vikagombewa na vyote vinne vikachukuliwa na wapinga vocha. Desemba bodi mpya ikaufuta mpango, Januari 2018 kesi ikafungwa maana hakuna tena cha kushitakiana. Miaka sita na nusu ya mahakama, imezimwa na kikao kimoja cha bodi. Na usisahau hii ni kaunti iliyompa Trump kura nyingi mwaka mmoja tu kabla, kwa hiyo sio kwamba Wademokrati walivamia, ni Warepublican kibao waliompigia rais wao na kisha wakawakataa watu wa vocha.

Na hilo sio la Douglas peke yake. Kentucky 2024 walimpa Trump ushindi mnene, na siku hiyo hiyo karibu asilimia 65 wakakataa kubadili katiba ili hela ya umma iende praiveti. Nebraska vilevile, asilimia 57 wakafuta sheria ya vocha iliyopitishwa na bunge lao. Ukienda vijijini huko shule ya umma ndio shule pekee, ndio mwajiri mkubwa, na timu ya futiboli ya Ijumaa iko hapo, mtu ni Republican wa kufa ila shule yake usiiguse. Ndio maana Texas gavana Abbott ilibidi 2024 awapige kampeni wabunge wa chama chake mwenyewe waliopinga vocha, awaangushe kwenye kura za mchujo, kabla sheria haijapita. Kwa hiyo ukisikia Republican ni vocha na Democratic ni kupinga, kwa viongozi wa juu ni kweli kiasi kikubwa, kwa mtaani ni mchanganyiko.

Turudi kwenye swali la vyama. Sheria ya Colorado inasema mgombea wa bodi asisimame kwa tiketi ya chama, basi, ndio maana karatasi haina chama. Haisemi chama kisiunge mkono mtu, haisemi mgombea asiwe mwanachama. Na nchi hii kila jimbo na lake: Tennessee tangu 2021 vyama vinaruhusiwa kuweka wagombea wa bodi, Indiana wamepitisha 2025 chama kionekane kwenye karatasi, Pennsylvania mgombea anaweza kuingia mchujo wa vyama vyote viwili kwa pamoja, Florida waliuliza wananchi 2024 wakapata kama asilimia 55 na iliyotakiwa ni 60, ikafa. Mimi maoni yangu, kuficha chama hakujaondoa siasa, kumeongeza kazi kwa mgeni kama wewe ambaye hujui nani ni nani, wakati mwenyeji anajua kwa jina tu.

Njia ya kujua ipo, ni kufuata hela. Ofisi ya katibu wa jimbo ina tovuti inaitwa TRACER, unaandika jina la mgombea unaona kachangiwa na nani na kiasi gani. Tangu sheria ya 2022 mtu mmoja mwisho dola 2,500 kwa mgombea wa bodi, zamani hapakuwa na mwisho kabisa. Lakini angalia na zile kamati zinazotumia hela zenyewe bila kumpa mgombea mkononi, hizo hazina kikomo na ndizo zinazochapisha vipeperushi vyako. 2017 pale Douglas chama cha kitaifa cha walimu AFT kilimwaga dola 300,000 upande wa kupinga vocha, na upande wa pili kulikuwa na Americans for Prosperity, kundi la kitaifa la akina Koch, matajiri wa mrengo wa kulia. Watu wa kaunti moja wanachagua bodi, hela inatoka pwani hadi pwani. Chini ya kila kipeperushi kuna maandishi madogo yanasema kimelipiwa na nani, soma hayo kwanza kabla ya picha ya watoto wanaocheka.

Halafu uliza wagombea yale ambayo bodi inayaweza kweli, ambayo ni makubwa kuliko unavyodhani, usiifananishe na bodi ya shule ya nyumbani inayokutana kupitisha ujenzi wa choo. Hii inaajiri na kufukuza supaintendenti, yaani mkuu wa shule zote za wilaya, inapitisha bajeti ya wilaya yenye watoto zaidi ya 60,000, inakubali au kukataa shule mpya za chata, inaamua shule ipi ifungwe, na inaamua kama mwende kupigia kura nyongeza ya kodi ya nyumba kwa ajili ya mishahara ya walimu. Mfano, 2021 kikundi cha wanne wa mrengo wa kulia walishinda tena Douglas, vocha wala hawakuigusa, ila Februari 2022 wakamfukuza supaintendenti Corey Wise kwa kura nne kwa tatu baada ya kukubaliana pembeni, siku moja kabla ya kura hiyo walimu wengi hawakutokea kazini mpaka shule zikafungwa siku nzima, na mwisho wilaya ikamlipa zaidi ya dola 800,000 kumaliza madai yake.

Kuhusu binti yako, vitu viwili. Colorado unaruhusiwa kuomba shule yoyote ya umma hata nje ya mtaa wako, hata wilaya jirani, kama nafasi ipo, na shule za chata zipo tangu 1993, Douglas ziko nyingi na ada hakuna. Anzia hapo, na madirisha ya maombi hufunguliwa mapema, miezi mingi kabla, usingoje Juni. La pili, ile sheria ya kodi ya Marekani nzima ya Julai 2025 imeweka unafuu wa kodi hadi dola 1,700 kwa anayechangia mashirika ya udhamini wa wanafunzi, inaanza 2027, kwa majimbo yatakayojiunga, na udhamini huo unaweza kulipia praiveti. Hata hiyo bodi haihusiki, unaomba kwa shirika. Ila kama binti ana mpango maalumu wa mahitaji ya kujifunza, au bado anasaidiwa Kiingereza, jua ukimhamishia praiveti mwenyewe zile haki za kisheria alizonazo shule ya umma hazimfuati zote. Uliza shule kwa maandishi watampa nini kabla hujasaini chochote.

Sasa kura. Kaka, usijaribu. Colorado tangu 2020 katiba inasema raia tu. San Francisco wazazi wasio raia wanaruhusiwa kwenye bodi ya shule, na miji miwili mitatu Vermont, wewe hauko huko. Mwenye grini kadi akipiga kura isiyo yake anaweza kunyimwa uraia na hata kurudishwa kwao, na kwamba hukujua haitakuokoa kirahisi. Hata ukipewa fomu ya kujiandikisha na mtu mwenye nia njema mlangoni au ukiwa unatengeneza leseni, irudishe. Kinachobaki mikononi mwako ni hiki: kikao cha bodi kina muda wa wananchi kusema na hakuna anayekuuliza uraia, na kila shule ina kamati ya uwajibikaji yenye wazazi ndani, mzazi ni mzazi awe na pasipoti ya wapi, na wanahangaika kupata watu.

Karatasi ni ya mama watoto. Kaa naye mezani someni pamoja TRACER, bishaneni mnavyotaka, lakini ajaze mwenyewe na asaini mwenyewe nje ya bahasha, wewe usimsainie hata akikuambia ana haraka, sahihi zinalinganishwa. Na Colorado hawaangalii muhuri wa posta, bahasha lazima iwe imefika saa 1 usiku siku ya uchaguzi, kwa hiyo zikibaki siku chache achana na posta, apeleke kwenye sanduku la kura la kaunti.