Tamvua la nje la kome limevimba: si ugonjwa

Mkuu, umeuliza kwa nini kome wako wa maji baridi ana tamvua (kiungo cha kupumulia) la nje nene, la kahawia, kama limejazwa mchanga, wakati la ndani ni jembamba. Mimi wa kwangu wa namna hiyo nilimtupa kwenye ndoo ya taka nikiamini ameoza. Mwenzangu wa maabara akaokota kipande, akakiweka chini ya hadubini, akaniita. Kulikuwa na viumbe vidogo mno, kila kimoja na magamba mawili, vinafumba na kufumbua. Ni glokidia, watoto wa kome. Nilikuwa nimetupa wodi ya wazazi.

Ili uelewe wanakaaje humo, acha kuliona tamvua kama jani moja. Kila upande wa mguu yananing'inia mawili, la ndani na la nje, kwa hiyo jumla manne. Na kila moja ni kuta mbili zilizokutana chini, mfano wa mfuko mwembamba. Ukimkata kome kwa upana, mifuko miwili ya upande mmoja inachora herufi W. Ukuta wenyewe ni nyuzi nyingi zilizosimama sambamba, zimeungwa kwa nyama na kuachiwa vitundu. Hapo kome wa baharini wa jamii ya Mytilus ni tofauti kabisa: nyuzi zake zimeshikana kwa silia tu, yaani vinyweleo vidogo mno vinavyopigapiga, ukipitisha sindano zinaachana. Nilipojaribu hivyo kwa wa maji baridi, ukuta ulichanika.

Kati ya kuta mbili kuna viambaza vinavyogawa mfuko kuwa mirija iliyosimama. Silia za ubavuni mwa nyuzi husukuma maji yapite kwenye vitundu, yapande na mirija hadi chumba cha juu, kisha yatoke nyuma. Damu hupita ndani ya viambaza na nyuzi, ikachukua oksijeni. Chakula hakipiti: silia nyingine hukidaka nje ya ukuta, kikabebwa kwenye ute hadi mfereji wa ukingo wa chini, na kutoka hapo hadi vipapasio vya mdomoni, ambako kisichofaa hutemwa. (Kata kipande kibichi ukiweke kwenye tone la maji. Silia zitaendelea kupiga kasia muda mrefu baada ya mwenyewe kufa. Sijawahi kuchoka kuangalia.)

Sasa, mayai ya jike huhamia kwenye mirija hiyo hiyo na kulelewa humo, ndiyo maana limevimba. Kati ya jamii za kome wa maji baridi, Anodonta hutumia matamvua ya nje, Margaritifera yote manne, na Mutela, wa Afrika, hutumia matamvua ya ndani. Anodonta ana ufundi zaidi: wakati wa kulea, kila mrija hugawanyika sehemu tatu, watoto katikati, maji pembeni, mama asikose pumzi. Wakikomaa hutolewa majini wakatafute samaki wa kujishikiza.

Ukitaka uhakika, toboa uvimbe kwa sindano juu ya kioo, weka tone la maji, tazama. Wakiwa wamekomaa na wazima, magamba yatakuwa wazi. Dondosha punje chache za chumvi: watajifunga papo hapo. Wasiojifunga wamekufa au bado wachanga.