Madoa yamepotea halafu yamerudi: usimwage dawa ya shaba kwenye tenki kubwa

Ndugu yetu wa Mombasa anauliza: ana tenki la maji chumvi lita 300, lina matumbawe na kamba wawili, kangaja wake wa buluu (yule mwenye pezi la njano mgongoni) alitoka madoa meupe kama punje za chumvi akawa anajisugua kwenye mawe, siku ya nne madoa yakaisha akafurahi, wiki ya pili yamerudi maradufu mpaka kwa samaki wengine. Duka limempa dawa ya shaba, aimwage?

Hapana kaka, hiyo chupa iweke chini kwanza. Shaba itaua kamba na matumbawe yote, afu mawe na mchanga vitainyonya, kipimo hutakipata na samaki hatapona.

Na siku ile ya nne hakupona. Madoa hayo yanaletwa na kimelea kinaitwa Cryptocaryon, kinakaa chini ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7 kinakula, kikishiba kinadondoka chini kwenye mchanga, kinajifungia kwenye ganda na humo ndani kinagawanyika kuwa mamia, ndo vile vinavyotoka kutafuta samaki tena na visipompata ndani ya siku moja au mbili vinakufa. Dawa inaviua vile vinavyoogelea tu, kilicho kwenye ngozi au ganda hakiguswi, ndo maana ukiacha mapema unarudi palepale.

Ila kabla ya yote mwangalie kwa tochi pembeni. Kama ni vumbi laini la dhahabu badala ya punje, anahema mbiombio na kukimbia mwanga, huo ni ugonjwa mwingine, Amyloodinium, unaua kwa siku chache, hapo mtoe leoleo, usingoje kesho.

Kwa hiyo toa samaki wote, hata asiye na doa, weka kwenye chombo kingine, hata pipa safi la plastiki la lita 100, na pampu ya hewa, filta ya sponji na vipande vya bomba la PVC wajifiche. Mchanga usiweke, mawe usiweke, kaboni (yale makaa ya kwenye filta) toa. Shaba ya kawaida ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ipandishe taratibu kwa siku mbili tatu, ipime kila siku, na ukae nayo siku 30. Kuna aina nyingine ambayo kipimo chake ni kikubwa mara nyingi zaidi, soma chupa yako vizuri, hapa wengi wameua samaki kwa kukisia. Amonia nayo itapanda maana filta ni changa, badilisha maji mara kwa mara na yale mapya uyatie shaba kiasi kilekile kabla hujayamwaga.

Tenki kubwa libaki bila samaki hata mmoja, kamba na matumbawe wabaki. Kwa joto la 27 wiki 6 ndo kima cha chini, mimi wateja wangu nawaambia siku 76 kwa sababu maganda mengine yanachelewa sana kupasuka.

Kitunguu saumu kwenye chakula hakitibu, ila mwani mpe kwa wingi, kangaja akikonda hata dawa haimsaidii. Na ukichota maji ya bahari moja kwa moja, yafunike yakae wiki mbili gizani bila samaki kabla ya kuyatumia.

Nitumie picha ya pembeni, ya mchana, mashavu yaonekane.