Sifuri mbili, na asilimia 30 juu yake

Wapo wanaosema NRM, vuguvugu la Museveni, walikata tu sifuri mbili kwenye shilingi ya Uganda. Hapana, hawakukata sifuri tu. Mei 1987, mwaka mmoja na ushee baada ya kuiteka Kampala, shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa 1 mpya, halafu serikali ikakata kodi ya asilimia 30 papo hapo. Ukipeleka 10,000 kaunta, unatoka na 70, siyo 100. Marehemu mjomba alikuwa na duka la vitenge Mbale, hadithi hiyo aliirudia kila sikukuu. Ila tuwe wakweli: NRM waliikuta hazina tupu na bei zilikuwa zinapaa tangu enzi za watawala waliotangulia, Obote na Okello. Bei ya kahawa ya kuuza nje nayo ikaporomoka 1989.