Kabla hujasema "punguza uzito", tazama vidole

Ninyi mnaoanza kazi ya fiziotherapia, kosa hili nimelifanya miaka mingi, msilirithi. Mgonjwa mnene anaingia akichechemea, anasema magoti yamesagika, nasi tunamjibu hata hajakaa sawa: "Mama, uzito." Nilimjibu hivyo mama ntilie mmoja. Akaninyooshea mikono, vidole vimejaa mafundo kwenye maungio. "Na hivi, mwanangu, navyo navitembelea?"

Nikajifanya naandika kwenye faili.

Mafuta ya mwilini hayakai tu kama gunia stoo. Yanafanya kazi: yanamwaga kwenye damu kemikali kama interlukini-6 na TNF-alfa, zinazochochea uvimbe na kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kushtuka. Huenda ndiyo sababu mojawapo wanene husagika zaidi hata maungio ya vidole vya mikono. Mzigo nao upo, tusidanganyane. Utafiti wa Marekani wa 2005, kwa wazee wanene wenye magoti mabovu, ulikuta kila kilo iliyopungua ilipunguzia goti kama kilo nne katika kila hatua. Ila ukishika hilo peke yake umeshika nusu.

Maumivu nayo yananenepesha. Anayeumwa usiku halali, na baadhi ya tafiti zimeonyesha usingizi ukikatwa leptini, homoni ya shibe iliyogunduliwa 1994, hushuka, na grelini ya njaa hupanda. Kwa hiyo mimi siku hizi naanza na "unalalaje?" ndipo nije kwenye mizani.

Halafu dawa. Usiridhike na "nameza za maumivu", mwambie azitoe. Amitriptilini na pregabalini, dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, zinaweza kuongeza uzito. Yule mama alifungua fundo la khanga, akatoa vidonge kwenye kikaratasi kisicho na jina: prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo nayo inaweza kunenepesha, amemeza miezi. Usithubutu kumwambia mtu wa namna hiyo aache leo. Mwili huenda umezoea kutotengeneza steroidi yake wenyewe. Mpeleke kwa daktari ampunguzie taratibu.

Upande wetu ni mazoezi, na yaanze madogo. Nilimpa kunyoosha goti akiwa amekaa, mara kumi kila mguu. Akawa anayafanya kwenye kigoda huku akimenya viazi. Baada ya wiki kadhaa alirudi na kilo zilezile.

"Vidole bado," akasema, "lakini nalala."