Je, mke anaweza kumfungia mumewe mlango wa kasino?

SWALI: Mume wangu ni baharia na meli yao hutia nanga Singapore mara kwa mara. Safari mbili zilizopita karudi mikono mitupu, na amekiri kuwa pesa ziliishia kasino. Mwenzake kaniambia kule mke anaweza kwenda kwa wahusika akamzuia mumewe asiingie. Ni kweli, au ananituliza tu? Na nchi inayosifika kwa ukali ilikubalije kasino? – Mama Wawili

JIBU: Dada yangu, pole sana. Ulichoambiwa ni kweli, na nilikijua mlangoni penyewe.

Mwaka 2012 meli yetu ilikuwa chelezoni Singapore. Jioni moja fundi wa kulehemu, mwenyeji wa pale, alinipeleka kuiona Marina Bay Sands, yale majengo matatu marefu yaliyobeba bustani kichwani. Kwenye mlango wa kasino mimi mgeni nilionyesha pasipoti nikapita bure. Yeye, raia, alitakiwa alipe dola 100 za Singapore kwa saa 24, kabla hajagusa hata karata moja. Hakulipa. Akaniambia mdogo wake hata angekuwa na hizo dola asingepita, kwa sababu mama yao alikwenda kumwombea zuio. Mama mzee, na daftari lake la madeni mkononi. Sijamsahau mama yule ingawa sikumwona.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Mke, mume, mzazi, mtoto au ndugu wa damu anaomba kwa baraza la taifa linaloshughulikia uraibu wa kamari, lililoundwa mwaka 2005. Anaeleza jinsi kamari inavyoiumiza familia, na anayelalamikiwa naye hupewa nafasi ya kujitetea. Wakiridhika, jina lake linaingizwa kwenye orodha ya mlangoni. Akipenya kwa ujanja akashinda, ushindi huo hautakuwa wake. Mtu pia anaweza kujifungia mwenyewe. Na wapo wanaofungiwa bila kuombewa na yeyote: waliotangazwa muflisi, na wanaoishi kwa msaada wa serikali.

Kuhusu ukali, kamari pale ina umri sawa na mji. Mwingereza William Farquhar, msimamizi wa kwanza wa koloni lile, alikuwa hana fedha za kuendeshea mji, basi mwaka 1820 akaanza kuuza leseni za nyumba za kamari. Bosi wake, Stamford Raffles, alichukizwa na mwaka 1823 akazipiga marufuku. Raffles alipoondoka, msimamizi mpya John Crawfurd akazirudisha, maana zilikuwa zikiingiza fedha nyingi kwenye hazina. Zikafutwa tena mwaka 1829. Ona walivyovutana: mmoja anafunga, mwingine anafungua, na kila mara aliyefungua alikuwa anatafuta fedha.

Baada ya uhuru kasino zilikatazwa kwa miaka mingi, na Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, mwenyewe alizipinga. Miongoni mwa michezo iliyoruhusiwa ni bahati nasibu ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 1968 ili kuwabana waendeshaji wa siri. Ila wananchi walikuwa wakivuka kwenda Genting nchini Malaysia kucheza, na watalii nao wakitafuta miji yenye starehe zaidi. Tarehe 18 Aprili 2005 Waziri Mkuu Lee Hsien Loong, mwanawe Lee Kuan Yew, alitangaza bungeni kuwa watajenga mbili. Watu wengi walitia saini kupinga. Sheria ilipitishwa mwaka 2006, na Resorts World Sentosa ikafungua kasino yake Februari 2010. Marina Bay Sands ikafuata Aprili.

Nami nasema waziwazi: waliopinga ndio waliowapa raia ulinzi huu. Makelele yao ndiyo yaliyoifanya serikali iweke ada ya mlangoni, ikataze aliye chini ya miaka 21, na ikataze mashine za kutolea pesa za benki ndani ya kasino. Hilo la mwisho mtu anaweza kulidharau, lakini mchezaji akilazimika kutoka nje kutafuta pesa, hewa ya nje humrudishia akili kidogo. Mwaka 2019 ada ilipandishwa ikawa dola 150 kwa siku, au 3,000 kwa mwaka. Fedha hizo haziendi kwa wenye kasino, zinaelekezwa kwenye shughuli za hisani.

Lakini dada yangu, ada hiyo ni ya raia na wakazi wa kudumu. Mumeo atapita kwa pasipoti kama nilivyopita mimi, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kwake yeye njia iliyo wazi ni kujifungia mwenyewe, maana wageni nao huruhusiwa kuomba. Usimvizie kwa ugomvi. Mpikie, kaa naye siku ametulia, umwekee mbele hesabu ya safari zile mbili: ada za watoto, kodi, kila kitu kwa tarakimu. Kwa kuwa ameshakiri, nusu ya kazi imekwisha. Akikubali, aombe zuio hilo kabla meli haijafunga gati Singapore, mshahara ukiwa bado mzima.